Kijana wa kompyuta kasema ni uzushi, akina mama wanataka kuhama WhatsApp: nimsikilize nani?

Dada yangu wa Morogoro, pole na hilo zogo la kwenye kundi. Nalirudia swali lako kwa kifupi ili na wengine wakisoma waelewe. We ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama 28, mambo yenu yote yako WhatsApp, marejesho, picha za miamala, nani kakopa nani kachelewa, alafu ikaingia ile meseji ya kufowadi kwamba kuanzia tarehe 16 Desemba 2025 Meta, yaani kampuni yenye WhatsApp, Facebook na Instagram (zamani yenyewe iliitwa Facebook), wanasoma meseji zote za watu na kuzilisha AI, yaani akili bandia. Nusu ya kundi wanataka mhamie Telegram. Kijana wa mwanachama mmoja anayesoma kompyuta chuoni akasema ni uzushi mtupu, mama zangu endeleeni tu. Na wewe unaniuliza, "Nimuamini nani, mtaalamu au watu?"

Nianze na la haraka. Kuhusu ile meseji, kijana yuko sahihi. Meta walitangaza Oktoba 2025 kwamba kuanzia hiyo tarehe 16 Desemba yale mazungumzo mtu anayofanya na Meta AI, yaani msaidizi wao wa akili bandia, kile kiduara cha bluu kinachokaa pembeni ya orodha ya meseji zako, yatatumika kumchagulia matangazo na vitu anavyoonyeshwa kwenye Facebook na Instagram, na kwa upande wa WhatsApp mpaka uwe umeiunganisha akaunti yako na hizo nyingine. Meseji yako wewe na mwanachama mwenzio kuhusu rejesho la elfu hamsini haimo. Isipokuwa kama mtu kwenye kundi kaiita Meta AI kwa jina akaiuliza kitu, hapo kile alichoiuliza kinaenda kwao maana yeye mwenyewe kawapelekea.

Ningeweza kuishia hapo, ila nikiishia hapo nitakuwa nimerudia kosa nililolifanya mwaka 2021, na hilo kosa ndo sababu nimekaa kukuandikia jibu refu.

Kazi yangu ni usalama wa mifumo ya kompyuta, miaka kumi na kitu sasa. Januari 2021 WhatsApp walipoleta lile tangazo lao, bonyeza "nakubali" kabla ya tarehe 8 Februari la sivyo hutaendelea kuitumia, mama mdogo wangu wa Tanga alinipigia simu kaogopa kweli. Nikamwambia mama mdogo tulia, hakuna jipya hapo, meseji zako hakuna anayezisoma, we bonyeza ukubali. Akanyamaza kidogo, alafu akaniuliza, "Sasa mwanangu, kama hakuna kilichobadilika, wananilazimisha nikubali nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia ngoja nitakupigia, nikakata simu, nikaenda kukaa kuisoma ile sera kuanzia juu mpaka chini, kitu ambacho niseme ukweli nilikuwa sijakifanya, nilikuwa narudia tu walichosema wataalamu wenzangu mtandaoni.

Nilichokikuta ni hiki. Kwa maana ya kiufundi tulikuwa sahihi. Mabadiliko makubwa ya 2021 yalihusu mazungumzo ya mtu na biashara, yaani ukiiandikia kampuni au duka, hiyo biashara inaweza kutumia huduma za Facebook kuhifadhi na kujibu hizo meseji. Meseji za ndugu na marafiki zilibaki zimefungwa kama zilivyokuwa tangu Aprili 2016, inafungwa kwenye simu yako inafunguliwa kwenye simu ya unayemwandikia, katikati hapo hata WhatsApp wenyewe hawana ufunguo. Lile la kupeleka taarifa zako nyingine kwa Facebook lilianza kitambo, Agosti 2016, na wakati ule waliokuwa tayari na akaunti walipewa siku 30 za kukataa zisitumike kwenye mambo ya matangazo. Siku 30, basi. Wangapi walijua? Mama mdogo alikuwa na akaunti 2016 na hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote, hata mimi sikumwambia. Kwahiyo sisi wataalamu tuliposema 2021 "hakuna jipya" tulikuwa tunamaanisha kwamba vilishachukuliwa miaka mitano nyuma. Kwangu hiyo ilikuwa habari ya kumtuliza mtu, kwake ilikuwa habari kwamba kuna kitu chake kiliondoka na hakuna aliyemgutusha.

Hapa ndo penye jibu la swali lako dada. Kijana na akina mama hawabishani, wanajibu maswali mawili tofauti. Kijana anajibu "hii mashine inaweza kuona nini." Akina mama wanauliza "huyu mwenye mashine nimwamini, maana naona anabadilisha maneno kila baada ya muda." Jibu la la kwanza halijibu la pili, hata kama ni sahihi kabisa.

Tuchukue hilo la kwanza. Kinachoonekana ni nini? Fikiria kifurushi unachompa kondakta wa basi pale stendi ya Msamvu akupelekee Dar. Kimefungwa, kimeshonwa, kondakta hajui ndani kuna mchele au nguo. Ila anajua nani katuma, anajua nani atapokea na namba yake ya simu, anajua kina uzito gani, saa ngapi kimeondoka, na kama we unatuma kila Ijumaa kwa mtu yuleyule anajua na hilo. WhatsApp ni hivohivo. Hawasomi maneno, ila wana namba yako, namba zilizomo kwenye simu yako ukiwaruhusu, aina ya simu, mtandao uliopo, jina la kundi na picha yake, mara ya mwisho uko hewani. Hizo taarifa za pembeni kwa kiingereza wanaziita metadata, na usizione ndogo, Michael Hayden aliyewahi kuyaongoza mashirika ya ujasusi ya Marekani, NSA na CIA, alisema hadharani mwaka 2014 kwamba wao huua watu kwa kutegemea metadata. Simaanishi kikoba chenu kiko hatarini namna hiyo, hapana, ila mtaalamu akikwambia "ni metadata tu" hiyo "tu" usiikubali kirahisi.

Kuhusu swali la pili, la kumwamini mwenye mashine, historia iko upande wa akina mama na mimi nalisema hili nikiwa upande wa wataalamu. Facebook walipoinunua WhatsApp mwaka 2014 kwa dola bilioni 19 waliwaambia Tume ya Ulaya, chombo cha Umoja wa Ulaya kinachosimamia mambo ya ushindani wa biashara, kwamba hawataweza kuoanisha kwa uhakika akaunti ya mtu ya Facebook na ya WhatsApp. Miaka miwili baadaye wakaanza kuoanisha. Mwaka 2017 Tume ikawapiga faini ya euro milioni 110 kwa kutoa taarifa za kupotosha, maana ilionekana uwezekano huo ulikuwepo tangu 2014 na wafanyakazi wao walikuwa wanaujua. Sera ya zamani ya WhatsApp ilianza na sentensi nzuri kwamba kuheshimu faragha yako kumo kwenye vinasaba vyao. Kwenye sera ya 2021 hiyo sentensi haipo. Na Brian Acton, mmoja wa wawili walioianzisha WhatsApp, mtu ambaye huwezi kumwambia haelewi ufundi, aliondoka 2017, mwaka uliofuata akaweka dola milioni 50 kwenye Signal, apu nyingine ya meseji, na akakiri kwenye mahojiano kwamba aliuza faragha ya watumiaji wake. Sasa mama wa Morogoro akisema "leo wanasema hawasomi, kesho je" unamwita mzushi kwa msingi gani?

Tena kuna kitu kinaniuma mpaka leo. Kwenye lile tangazo la 2021 WhatsApp wenyewe walieleza kwamba kwa watu wa Ulaya mambo ya kupeleka taarifa Facebook kwa ajili ya matangazo hayabadiliki, kwa sababu kule sheria ni kali. Sisi huku tukaambiwa kubali au acha. Hata hili la Desemba 2025 la Meta AI, Ulaya na Uingereza hawakuwekwa kwenye awamu ile ya kwanza. Nigeria hawakukaa kimya, Julai 2024 tume yao ya ushindani na ulinzi wa mlaji iliipiga Meta faini ya dola milioni 220, na moja ya malalamiko yao ni hilohilo la Mnigeria kutendewa tofauti na wengine. Hiyo hoja haikutoka kwenye ufundi wa kufunga meseji. Ilitoka kwenye kule kuhisi kuonewa kwa mtu wa kawaida ambaye mtaalamu anamwambia "hujaelewa."

Na angalia nani alilisimamisha jambo la 2021. Wataalamu wa faragha walipiga kelele tangu 2016, wakaandika, wakapeleka malalamiko, ikasogea polepole. Tarehe 4 Januari 2021 tangazo lilipoingia kwenye simu za watu wa kawaida, mashangazi na wajomba na magrupu ya harusi, ndani ya siku 11 WhatsApp walikuwa wameshasogeza tarehe mpaka 15 Mei. Telegram walisema wamepata watu wapya milioni 25 ndani ya saa 72, Signal ikazidiwa mpaka ikazimika tarehe 15 Januari. Mei ilipofika WhatsApp wakasema hawatafuta akaunti ya mtu, na kabla mwezi haujaisha wakasema hata kumpunguzia huduma asiyekubali hawana mpango nao. Mama mdogo wakati wote huo hakubonyeza kukubali, na WhatsApp yake iliendelea kufanya kazi. Mi nilishakubali siku ya kwanza.

Lakini sasa nikuambie na upande ambao watu walikosea, maana sitaki utoke hapa ukaamini kila kinachofowadiwa. Wengi walikimbilia Telegram, na ndiko nusu ya kundi lenu wanakotaka kwenda. Hapo nawaomba msiende kwa sababu hiyo. Telegram meseji za kawaida haziko kama za WhatsApp, zinakaa kwenye seva zao, yaani kompyuta zao kubwa za kuhifadhia, na funguo wanazo wao. Wana sehemu ya siri inayofunga mwanzo mpaka mwisho, ila lazima uiwashe mwenyewe, ni ya watu wawili tu, na kundi haliwezi kabisa kuwa la siri. Yaani mtakuwa mmetoka kwa kondakta asiyeweza kufungua kifurushi mmekwenda kwa anayeweza, kwa kumwogopa yule wa kwanza. Hili mtu wa kawaida haoni kwa macho, hizo apu mbili zinafanana, tena Telegram ina mbwembwe nyingi zaidi, na ndo mahali ambapo kweli unamhitaji kijana wa kompyuta aseme na asikilizwe.

Kuhusu Signal, hiyo kwa ufundi iko juu ya zote mbili, makundi yanafungwa na wao hawaweki karibu kitu. Mahakama ya Marekani iliwataka taarifa mwaka 2016 wakawa na vitu viwili tu vya kutoa, siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipoonekana mara ya mwisho. Ila kuwahamisha akina mama 28, wengine simu zimejaa, wengine wananunua bando la mitandao ya kijamii na hamjui kama Signal imo, na mkihama nusu daftari litakuwa sehemu mbili na hapo ndo pesa zinapopotea. Mi nisingewasukuma. Kama siku moja mtataka wote kwa pamoja, sawa.

Kuna utafiti mmoja naupenda, watafiti wa Google waliutoa mwaka 2015, waliwauliza wataalamu 231 na watu wa kawaida 294 mambo gani matatu makubwa wanayofanya kujilinda mtandaoni. Wataalamu asilimia 35 walitaja kuapdeti programu, watu wa kawaida waliotaja hilo ni asilimia 2. Kwa programu za kuua virusi ikawa kinyume, watu wa kawaida asilimia 42, wataalamu 7. Pengo kubwa namna hiyo. Na wataalamu wengi tukiuona tunasema ona wasivyojua. Mi nauona tofauti kidogo. Mtu wa kawaida anaogopa apdeti kwa sababu anachokumbuka ni simu ikawa nzito, bando likaisha, vitufe vikahamishwa, na kile kiduara cha bluu kikatokea bila kuulizwa na hakitoki. Sisi tunaona apdeti ni dawa inayoziba mashimo, na kweli ni dawa, nakusihi msiache kuapdeti. Ila mlango unaopitisha dawa ndo huohuo unaopitisha masharti mapya, alafu tunamshangaa anayesita mlangoni.

Alafu kuna lingine ambalo wataalamu tunapitiwa. Sisi tunabishana kuhusu Meta wakati mtu wa kikoba anaibiwa na mtu wa karibu zaidi. Lini mara ya mwisho umepata ile "hiyo hela tuma kwenye namba hii"? Jirani yangu akaunti yake ya WhatsApp iliibiwa kwa kutoa zile namba sita alizotumiwa kwa meseji, kapigiwa na mtu kajifanya wa kampuni, kabla hajashtuka watu wanne wa kwenye kundi lake la ukoo walishatuma hela wakidhani wanamkopesha yeye. Hakuna aliyesoma meseji za mtu hapo, kufungwa kwa meseji hakukusaidia chochote. Na zile apu za mikopo zinazoomba ruhusa ya namba zote za simu yako, ukichelewa siku mbili mama mkwe anapata meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Nimemsikia mtaalamu mwenzangu akisema kuhusu hilo "si aliruhusu mwenyewe." Aliruhusu, ndio, mtoto akiwa na homa saa nne usiku, kwenye maandishi ya kiingereza kurasa kadhaa. Kuna watafiti wawili wa chuo cha Carnegie Mellon walipiga hesabu mwaka 2008 kwamba mtu akisoma sera za faragha za tovuti zote anazopita kwa mwaka atatumia kama saa 244. Hiyo ilikuwa 2008, kabla simu janja hazijaenea. Huwezi kuniambia kukubali kwa namna hiyo ni kukubali.

Sasa mfanye nini. Bakini mlipo, na mfanye mambo manne, mengine yote yasubiri. La kwanza kila mama aweke ile pini ya namba sita ya WhatsApp, iko kwenye mipangilio upande wa akaunti, inaitwa uthibitishaji wa hatua mbili, na iwe pini ambayo sio mwaka wa kuzaliwa mtoto wala pini ya kutolea hela. Hilo peke yake litawasaidia kuliko kuhama apu tatu. La pili bakapu, na hili mjue kijana wenu pengine hakulitaja maana wataalamu wengi hatulitaji. Meseji imefungwa ikiwa njiani, ila nakala inayoenda Google Drive usiku haifungwi namna hiyo mpaka uwashe mwenyewe, WhatsApp waliiweka hiyo sehemu Oktoba 2021. Iwasheni, kwenye mipangilio ya gumzo sehemu ya bakapu, na nenosiri mliandike kwenye daftari la nyumbani kwa sababu likipotea hakuna wa kuwarudishia. La tatu kwenye kundi lenyewe, bonyeza jina la kundi pale juu, shuka chini, kuna sehemu ya faragha ya ziada ya gumzo iliyoletwa 2025, ukiiwasha mtu hawezi kuyatoa mazungumzo ya kundi yote kwa mkupuo wala kuiita Meta AI humo ndani. Mtu anaweza bado kupiga picha ya skrini, hilo halizuiliki, hapo mnategemea tabia za watu.

La nne ni lako wewe mweka hazina. Acha kupokea picha za vitambulisho vya NIDA kwenye kundi. Nimeona umeandika mnazihifadhi humo. Zifute, mtu akileta dhamana alete mkononi uandike namba kwenye daftari. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kuna Tume yake, watu wanadhani ni ya makampuni makubwa tu, ila wazo lake la kutokusanya usichokihitaji linawafaa hata akina mama 28. Na mkionewa na apu ya mkopo, malalamiko yanapelekwa kwenye hiyo Tume, msiishie kulalamika kwenye kundi.

Na kuhusu kijana, msimkasirikie na msimpuuze. Mwombeni aje Jumamosi kwenye kikao awawekee hizo pini na bakapu mmoja mmoja, mjiandae itachukua kama saa mbili. Alafu akimaliza muulizeni swali la mama mdogo wangu, mbele ya watu wote, kwa upole: kama hakuna kilichobadilika, wanatulazimisha tukubali nini? Akisema hajui, mpeni muda akasome, kama nilivyopewa mimi. Nilimpigia mama mdogo baada ya siku tatu.